Mbona mlimsahau Magdalene Odundo?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wachongaji wa Uingereza wa zama hizi iliwataja mafundi wa chuma na mawe, ikamwacha Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Nashuku aliachwa kwa sababu anatumia udongo, na udongo kwetu huhesabiwa kuwa kazi ya jikoni.

Hatumii gurudumu la kufinyangia; huinua kuta za chombo kwa mkono, mtindo aliouona kwa wafinyanzi wanawake wa Abuja ya zamani (sasa Suleja), Nigeria, akiwemo Ladi Kwali, miaka ya 1970, kisha hukipaka uji mwembamba wa udongo na kukisugua hadi king'ae. Rangi huamuliwa na moto: tanuri likipata hewa ya kutosha, chombo hutoka na wekundu wa chungwa bivu, kikichomwa tena katika moshi na hewa haba, hugeuka cheusi. Shingo huinama, tumbo hujaa, na pengine vinundu vidogo hujipanga mgongoni kama pingili za uti wa mgongo, hata mtazamaji (nami nimo, ingawa vyombo vyake nimeviona pichani tu) akawaza mwili wa mama mjamzito kabla ya kuwaza mtungi.

Kazi zake zimo British Museum, na mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Dame, heshima ya kifalme ya Uingereza kwa wanawake. Naomba mmtengee ukurasa mzima, pamoja na picha kubwa ya chombo kimoja cheusi.

Msomaji wenu,
Mombasa