Meli ikipata ajali msimuulize nahodha peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili limenikaa moyoni muda mrefu. Kila meli ya mizigo ikiungua au ikizama habari ni zilezile, nahodha kakamatwa, nahodha alikuwa wapi, nani alikuwa zamu, ila wale wa ofisini wanaoamua vipuri vinunuliwe lini na mabaharia wawe wangapi hata kutajwa hawatajwi. Na sheria wala haisemi hivo.

Sheria ninayosema ni kanuni za ISM, yaani kanuni za kimataifa za kusimamia usalama wa meli, zilipitishwa na IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, mwaka 1993 zikaingizwa kwenye sura ya 9 ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini. Kuanzia Julai 1, 1998 zikawa lazima kwa meli za abiria, za mafuta, za gesi na za shehena ya kichele (isiyofungashwa, kama nafaka), na Julai 1, 2002 zikafuata meli nyingine za mizigo za kuanzia gross toni 500 (kipimo cha ukubwa wa meli). Mabaharia wengi wanazijua kama mafaili tu, lakini kilichowasukuma watu kuziandika ni maiti. Machi 6, 1987 feri ya Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele iko wazi, maji yakajaa kwenye deki ya magari na ikalala ubavu, watu 193 wakafa. Aliyetakiwa kufunga milango alikuwa kalala kabini, na wengi wanaosimulia wanaishia hapo. Wachunguzi hawakuishia hapo, walikuta manahodha walishaomba ofisini iwekwe taa ya kuwaonyesha kule briji, chumba cha kuendeshea meli, kama milango imefungwa au la, yaani taa tu, na ofisi ikapuuza.

Ndio maana ISM inaanza na kampuni. Kampuni kwa maana ya kanuni hizi ni mwenye meli, au meneja, au yeyote aliyekubali kubeba jukumu la kuiendesha, kwahiyo hata meli ikikodishwa ikapita mikono mitano lazima awepo mmoja ambaye jina lake liko kwenye cheti cha kufuata kanuni hizi. Na huyo kampuni anatakiwa ateue mtu wa nchi kavu, sisi tunamwita DPA, mwenye njia ya moja kwa moja ya kumfikia bosi wa juu kabisa, ili baharia wa chini akiona hatari na wakubwa wa melini wakampuuza awe na pa kusemea. Kumpa huyo DPA nyenzo na watu wa kumsaidia nako ni wajibu wa kampuni, sio hisani.

Sasa niseme yaliyonikuta. Nilikuwa ofisa wa pili kwenye meli moja, kampuni siitaji. Tulitakiwa kuingia tumboni mwa meli kulikokuwa na magogo, na magogo yanakula oksijeni, chuma kikishika kutu nacho kinakula, hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21 lakini humo inaweza kushuka mpaka mtu anaanguka bila kusikia harufu yoyote, halafu mwenzake anaingia kumuokoa na yeye anaanguka. Fomu ya ruhusa ya kuingia nikaikuta imeshajazwa, tiki zote zimewekwa na saini ipo, wakati kipima hewa chenyewe betri imekufa. Nikakataza watu wasishuke. Maneno yakawa mengi, nikapiga ile namba ya DPA iliyobandikwa ukutani kwenye mesi, akapokea mtu akaniambia kwa upole kabisa kwamba yeye aliacha kazi pale zamani. Hakuna aliyekufa siku hiyo, nashukuru Mungu. Lakini meli ile ilikuwa na vyeti vyote!

Hapo ndipo panaponiuma. Cheti cha kampuni ni cha miaka 5 na kinahakikiwa kila mwaka, cha meli nacho ni miaka 5 na kinahakikiwa angalau mara moja katikati, tena kampuni inatakiwa ijikague yenyewe ndani ya kila miezi 12, meli zake na ofisi. Wakaguzi wakija wanaletewa makabrasha, na makabrasha yanapendeza. Saa za kupumzika vilevile, sheria inataka zisipungue 10 kwa siku na 77 kwa wiki, zinaandikwa hizohizo hata kwa mtu aliyekesha bandarini siku mbili. Mahakama ya Uingereza iliwahi kulisema hili la makabrasha mwaka 2002 kwenye kesi ya Eurasian Dream, meli ya magari iliyoungua bandarini Sharjah mwaka 1998. Vitabu vya maelekezo vilikuwepo vingi mno, ila havikuendana na meli ile, na nahodha alikuwa hajawahi kuendesha meli ya magari. Ikaamuliwa meli haikuwa tayari kwa safari.

Sisemi nahodha hana wajibu. Kanuni zinampa neno la mwisho kwenye usalama na zinataka kampuni iliandike hilo wazi, na akihitaji msaada aombe. Lakini nahodha anayejua mkataba wake unaisha mwezi ujao na nahodha wa kabla yake aliyekataa kutoka bandarini hakuitwa tena, neno la mwisho analo kwenye karatasi tu.

Ombi langu kwenu waandishi, siku ajali ikitokea muulize na haya: jina gani liko kwenye cheti cha kampuni, DPA ni nani na simu yake inapokelewa na nani, na je kuna baharia aliyeripoti tatizo kabla, akajibiwa nini. Nakala ya cheti hicho sheria inataka iwe melini muda wote, na nyingine huwa ofisini kwao.

Baharia mstaafu