Barua kwa Mwanangu: Hiyo 1390 Usiifiche Kwanza

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliiona nikiwa bado zamuni. Marahaba, mama. Nimeona nikuandikie, maana wiki hizi wewe ukitoka kwenda shule mimi ndiyo naingia kulala, na mambo haya hayafai kuongelewa mlangoni mtu kashabeba begi. Halafu nimesikia umemwambia mdogo wako kwamba umefeli SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Hilo sikulipenda.

Hujafeli. Hesabu 750, kusoma na kuandika 640, jumla 1390 kati ya 1600. Katika kila watu kumi waliofanya mtihani huo, zaidi ya tisa wako chini yako. Ulilalamika kwamba kipande cha pili cha hesabu kilibadilika ghafla kikawa kigumu. Mtihani huu wa kompyuta umetengenezwa hivyo makusudi: ukiyajibu vizuri maswali 22 ya kwanza, programu inakuletea 22 mengine mazito zaidi, na huko ndiko alama za juu ziliko. Wewe ulipokuwa unatoka jasho, mashine ilikuwa imeshaona unaweza.

Woga wako nauelewa, ni wa kwetu. Umekua ukitusikia mimi na mama mdogo tukikumbushana nani alipata divisheni wani na nani aliambulia ziro. Tanzania, Baraza la Mitihani likishatangaza, kesi imekwisha: matokeo ndiyo yanakupangia kidato cha tano, tahasusi, hata chuo. Hakuna anayeuliza kama ulikuwa unasomea kibatari au unalea wadogo zako. Koleji hizi ndogo unazozililia wewe, zile za sanaa huria ambako mtu anasoma baiolojia na historia na falsafa kabla hajachagua njia, hazichagui watu hivyo. Faili lako lote litasomwa na mtu, na SAT ni karatasi moja tu humo ndani.

Na bahati yetu tunaishi Lewiston, hapa Maine. Koleji ya Bates tunapita ukuta wake tukienda dukani. Bowdoin iko Brunswick, nusu saa kwa gari. Ukitafuta vyuo vilivyoanza mapema kabisa nchi hii kuacha kulazimisha alama hizi, ni majirani zetu hawa: Bowdoin mwaka 1969, Bates mwaka 1984. Wengine wengi wamefuata juzi tu, wakati wa korona, vituo vya mitihani vilipofungwa. Bates walikaa wakajipima wenyewe, na mwaka 2014 William Hiss, aliyewahi kuwa mkuu wao wa udahili, akatoa utafiti pamoja na mwenzake juu ya vyuo 33 na wanafunzi wapatao 123,000. Waliotuma alama na wasiotuma walimaliza chuo wakipishana GPA, yaani wastani wa maksi za chuo, kwa 0.05 tu. Kilichotabiri vizuri nani atafaulu ni maksi za darasani za miaka yote ya sekondari. Zako nimeziona. Unajua mwenyewe zilivyo.

Chuo chenyewe kilikuwa kikitoa watu kabla SAT haijazaliwa. Benjamin Mays, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani huko South Carolina, alihitimu Bates mwaka 1920. SAT ya kwanza ilifanywa 1926. Baadaye Mays ndiye aliyekuwa rais wa chuo cha Morehouse wakati Martin Luther King anasoma pale. Huyo ningependa umsome kwa wakati wako.

Sasa usikimbilie kusema, basi mama, tusiitume. Subiri.

Mkutubi amenionyesha kitu ambacho vyuo vingi, vikubwa na vidogo, hukitoa: taarifa ya takwimu zao inayoitwa Common Data Set. Nimechapisha kurasa za vyuo vyako, ziko mezani chini ya bakuli la matunda, nimezichora kwa kalamu nyekundu. Angalia kipengele cha C7. Ni jedwali la kawaida kabisa: upande mmoja orodha ya vitu, yaani ugumu wa masomo uliyochukua, maksi, insha, barua za walimu, alama za mitihani; upande wa pili visanduku vinne, kuanzia "muhimu sana" hadi "hatuangalii". Chuo kimejaza chenyewe. Pita mstari kwa mstari uone alama ya vema imewekwa wapi. Utajifunza mengi zaidi ya yale ya wenzako wa kwenye basi.

Kisha nenda C9, penye alama za walioingia. Hapo ndipo ulipojitisha. Uliona kwamba robo tatu ya walioingia Bowdoin wana zaidi ya 1450, ukasema mlango umefungwa. Lakini soma tena: ni robo tatu ya *waliotuma alama*. Chuo kikishasema kutuma ni hiari, wenye alama za chini hawatumi, wanabaki wa juu, na wastani unapanda. Mwaka unaofuata mwenye 1450 naye anaogopa, anaficha, wastani unapanda tena. Hakuna aliyekuwa na akili zaidi ya wa mwaka jana. Waliohesabiwa ndio wamebadilika. Na sidhani vyuo vinachukia jambo hilo. Waombaji wanaongezeka kwa kuwa kizuizi kimeondoka, viti ni vilevile, chuo kinaonekana kigumu kupatikana. Bowdoin sasa huchukua chini ya mtu mmoja katika kila kumi. Hiari ni nzuri, ila usidhani imewekwa kwa huruma peke yake.

Jambo la pili limetoka chuo cha Dartmouth, jimbo la jirani. Wao mwezi Februari 2024 walirudisha SAT kuwa lazima. Sababu mojawapo waliyoitoa ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika: waligundua kuwa watoto wa familia za kipato cha chini walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia. Mtoto ana alama za 1400 na kitu kutoka shule ambayo wengi hawafikii hata 1100, anajilinganisha na watoto wa shule za kulipia zenye walimu binafsi, anaona aibu, haitumi. Na msomaji wa faili anabaki hana ushahidi kwamba huyu anaweza. Dartmouth si koleji ndogo ya aina ya Bates, lakini macho ya wasomaji hao yanafanana: alama inapimwa kwa kulinganisha na ulikotoka.

Wewe ulikotoka ni nyumba inayoongea Kiswahili mpaka usingizini, mama anayegeuza wazee usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na wadogo wawili unaowaandalia chakula cha jioni. Katika hali hiyo 640 ya Kiingereza ina maana yake, na 750 ya hesabu ndiyo kabisa.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Bates, tuma. Shule yako iko ndani ya mji wao, hawahitaji kuelezwa ikoje. Bowdoin tungoje kwanza. Ule msamaha wa ada uliopewa shuleni ni wa mitihani miwili, umetumia mmoja, kwa hiyo Oktoba unarudia bila kulipa hata senti. Vyuo hivi huchukua alama yako ya juu kwa kila sehemu hata kama ni siku tofauti, ina maana 750 imeshawekwa kabatini. Usiguse hesabu kabisa mwezi huu. Kaa na kusoma na kuandika tu, hasa yale maswali ya nukta na mkato yanayokula maksi zako bure. Ukifika 690 na kuendelea, tunatuma na Bowdoin. Usipofika, hatutumi, na tunaendelea na maisha; hiari yao tumeitumia.

Ile orodha ya vyuo vya akiba uliyoifuta, irudishe. Bates na Bowdoin hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji. Lakini ziko koleji zisizo na foleni ndefu namna hiyo zinazotoa ufadhili kwa ufaulu, na huko 1390 inaweza kugeuka kuwa maelfu ya dola kila mwaka. Kwa gharama zao, ambazo zinapita dola 80,000 kwa mwaka sehemu kama Bates, siwezi kujifanya sioni.

Na kuhusu kuomba mapema kwa kufungwa, yaani kuahidi kwamba ukikubaliwa lazima uende, katikati ya Novemba: usibonyeze kitu. Mkataba ule ukikubaliwa umekubali, huna nafasi ya kulinganisha ofa za msaada. Kwanza tujaze makadirio ya gharama kwenye tovuti ya kila chuo tuone wanasema tutalipa nini. Bowdoin hawaangalii uwezo wa familia wanapochagua, na tangu 2008 hawaweki mkopo ndani ya msaada wao, kwa hiyo kwao woga ni mdogo. Kwingine sijui bado, ndiyo maana nasema tusubiri.

Ijumaa sina zamu. Njoo na nywila ya Common App, ile tovuti ya kuombea vyuo, na ile insha ya bibi na mashine ya kusaga. Insha ni nzuri, ila aya ya kwanza iondoe, inasikika kama imeandikwa na mwalimu wako. Fomu ya CSS, ile ya kuombea msaada wa fedha, itataka kodi yangu. W-2 zote, yaani karatasi za mwajiri za mshahara na kodi, ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati langu, zitoe uzipige picha kabla sijaamka, maana Ijumaa hiyohiyo nataka tuimalize.

Mama