Dansi la jukwaani lirudi Tabora

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kufifia kwa muziki wa dansi wa jukwaani hapa Tabora, mji uliozaa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz.

Nimependa muziki tangu utotoni, nikisikiliza redio ya baba chini ya mwembe. Lakini siku nilipoingia dansini kwa mara ya kwanza, nilimwona mpiga solo akimtazama mpiga besi, wakapokezana bila neno, nasi tukajikuta tumesimama. Hilo halimo kwenye simu. Vijana wanaojifunza gitaa leo wataliona wapi?

Naiomba Halmashauri ya Manispaa itenge ukumbi mmoja, Jumamosi moja kila mwezi, kwa bendi za hapahapa. Kiingilio kiwe kidogo, na wanafunzi waruhusiwe mchana kutazama mazoezi.

Mpenzi wa dansi,
Cheyo, Tabora