Barua ya wazi kwa mkubwa wa ukaguzi wa magari: kidude cha taa ya buluu kichomolewe

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Kwa heshima na taadhima, na kwa mara ya tatu, tunakuandikia juu ya jambo lile lile. Barua ya kwanza ilipigwa muhuri wa "imepokelewa". Ya pili tulijibiwa kwa mdomo kuwa "inafanyiwa kazi". Hii ya tatu tumeona tuiweke hadharani, maana huenda zile mbili zimelala humo kwenye majalada na hakuna anayetaka kuziamsha.

Kilichotumaliza subira ni cha Jumamosi iliyopita. Mama mmoja mtu mzima, mwenye pumu, ameshuka boti ya Pemba akapanda Noah ya kukodi pale Malindi, bandarini Unguja, kwenda Fuoni. Mvua inanyesha, vioo vyote vimepandishwa, kiyoyozi kimewekwa kwenye kuzungusha hewa ya ndani, na kwenye tundu la kiberiti cha sigara kimechomekwa kile kidude kinachowaka buluu: ayonaiza, "kisafisha hewa". Kufika Mwanakwerekwe alikuwa hamalizi sentensi moja bila ya kuvuta pumzi katikati. Wanaoijua pumu wanajua kuwa hapo si tena "kifua kimenibana kidogo". Alhamdulillahi, amefikishwa hospitali na amepata nafuu. Dereva si mtu mbaya. Yeye alidhani anamsafishia mgeni wake hewa.

Gari hiyo, Mheshimiwa, ina stika ya ukaguzi. Imebandikwa kiooni, kiasi cha shibiri tatu kutoka kwenye kidude. Mkaguzi alitazama taa, breki, honi, mkanda, kizima moto, akainama mpaka kwenye meno ya tairi. Kitu pekee kilichokuwa kikiwaka ndani ya gari hakukiona.

Basi turuhusu tukueleze kilivyo, kwa sababu baadhi yetu tunaotia saini ni mafundi umeme wa magari na vitu hivi tumevifungua vingi mezani. Ndani ya ganda la plastiki, lisilozidi sana kidole gumba, mna kibao kidogo cha saketi. Kinachukua volti 12 za betri, kinazikatakata kwa transista, kinazipandisha kwa transfoma ndogo, kisha safu ya daiodi na kapasita inazifikisha volti elfu kadhaa za upande hasi. Mwisho wa safu pana sindano, au kibrashi cha nyuzi za kaboni. Kwenye ncha hiyo umeme unavuja hewani na kuzitia chaji molekuli za hewa. Hizo ndizo ioni zinazosifiwa kwenye boksi. Ila umeme ule ule unaipasua na oksijeni ya kawaida, yenye atomi 2, na vipande vinadandia oksijeni nyengine ikawa na atomi 3. Hiyo ni ozoni. Na ncha ya upande hasi hutoa ozoni nyingi kuliko ya upande chanya. Ile taa ya buluu haisafishi chochote, ni pambo.

Sindano ikiwa mpya na kavu, mambo ni nafuu kidogo. Huku kwetu haikai mpya wala kavu. Vumbi la barabara na unyevu wa chumvi vinajijenga kwenye ncha, umeme unaanza kuruka vibaya, na ukitega sikio usiku gari imezimwa muziki utasikia "ti-ti-ti" nyembamba. Redio nayo inakwaruza. Kikifika hapo dereva husema "kinafanya kazi kwelikweli".

Ile harufu anayoipata abiria akifungua mlango, kama ya mashine ya fotokopi iliyopiga kazi mchana kutwa, ndiyo ozoni yenyewe. Dereva haisikii, kwa kuwa pua ikikaa nayo muda inaizoea. Kumuuliza yeye kama gari inanuka ni sawa na kumuuliza samaki kama maji yana chumvi.

Ikiwa juu sana angani ozoni inatukinga na jua, na tunamshukuru Mola kwa hilo. Ikiwa puani ni kitu cha kuchoma. Inawasha utando wa njia za hewa, misuli inayozizunguka inakaza, makohozi yanaongezeka. Asiye na maradhi atakohoa, ataona koo kavu, atashuka. Mwenye pumu njia zake tayari zimevimba, hazina nafasi ya kukaza tena. Na pengine haimpati pale pale garini. Inampata usiku, au kesho yake, pale vumbi na ukungu aliokuwa akiustahamili jana unapomshinda. Ndiyo maana hakuna anayerudi kumlaumu dereva, na wewe hupokei malalamiko. Kukosa malalamiko, Mheshimiwa, kulitajwa kama sababu ya kuchelewa kulishughulikia hili.

Hesabu yake si ngumu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, limeweka mpaka wa mikrogramu 100 za ozoni kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Gari ndogo kama IST ndani yake mna hewa ya kiasi cha mita za ujazo 3. Kwa hiyo mikrogramu 300, haifiki hata thuluthi ya miligramu moja, zinatosha kuifikisha gari nzima mpakani. Ni kweli ozoni haidumu. Inagonga viti, nguo na ngozi, ikaisha ndani ya dakika chache. Lakini kidude hakipumziki, na kiyoyozi kikiwa kinazungusha hewa ile ile hakuna hewa mpya ya kuipunguza. Marekani huko California walipitisha kanuni mwaka 2007: kifaa cha kusafisha hewa ya ndani kisitoe ozoni zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni, na kipimwe kabla ya kuuzwa. Sisi vinauzwa juu ya meza sokoni Darajani, pamoja na chaja za simu.

Na ozoni inapogonga vitu haiishi bure. Ikikutana na manukato ya kutundika kiooni, yale ya limau na msonobari, inayageuza kuwa fomaldehaidi, gesi ya sumu, na chembe ndogo mno zinazoshuka mpaka ndani ya mapafu. Marashi na mafuta ya karafuu nayo yana vitu vinavyoshikana na ozoni upesi. Tunafikiri, na hatuwezi kuapa, kwamba Jumamosi yalikutana yote: mvua, vioo, kidude, na chupa ya manukato iliyobanwa kwenye tundu la upepo.

Utasema watengenezaji wanadai zinafaa kwa pumu. Wanadai. Mwaka 1993 jarida la udaktari la Thorax lilichapisha jaribio kwa watoto wenye pumu ya wadudu wa vumbi: ayonaiza zilipunguza kweli chembe za wadudu hewani, lakini watoto hawakupata nafuu, na kikohozi cha usiku kilielekea kuongezeka. Mapitio ya Cochrane, wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, nayo hayakuona faida ya maana kwa mgonjwa. Na ayonaiza hizo ni za nyumbani, zilizochaguliwa na madaktari. Vumbi lenyewe halitolewi nje: linatiwa chaji, linanata kwenye dashibodi, kioo na viti, ndiyo lile doa jeusi linalozunguka kidude. Mlango ukibamizwa, linaruka tena.

Kwa asiyeamini maneno yetu, achukue lastiki mbili za kufungia pesa. Moja aivute aitundike baina ya misumari miwili kwenye kipande cha ubao, aiweke karibu na kidude ndani ya gari iliyofungwa. Ya pili aivute vivyo hivyo, aiweke kwenye gari nyengine isiyo na kidude, iliyoegeshwa jua lile lile. Baada ya siku kadhaa azitazame kwa karibu. Ile ya kwanza itaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo zilizokata kwa mapana, kwani ozoni hula mpira uliovutwa. Jaribio hili tulikuja nalo ofisini, na ubao wetu tukauacha kwa katibu muhtasi. Tungeomba turejeshewe, hata kama haukutazamwa.

Kwa nini madereva wanazinunua? Nadhani vuguvugu lilianza wakati wa korona, kila kitu kikauzwa kwa jina la kuua virusi. Lakini sababu inayodumu ni harufu. Gari inanuka uvundo, mgeni wa hoteli anakunja pua, dereva anatafuta dawa ya bei nafuu. Uvundo huo una chanzo, na hapa ndipo tungependa ofisi yako ipaangalie kuliko popote.

Kiyoyozi kinapopoza hewa, maji yanatonea kwenye kipozeo kilichomo nyuma ya dashibodi, yanatoka nje kwa mrija mwembamba chini ya gari, kwa kawaida upande wa abiria wa mbele. Ukiona gari imeegeshwa na kiyoyozi kinafanya kazi lakini haidondoshi maji kwa hewa yetu hii, mrija umeziba. Maji yanabaki ndani, ukungu unaota, zulia la miguuni linarowa kwa chini. Fundi aupulize mrija kwa kutokea chini, kwa upepo mdogo wa kompresa. Ukipulizwa kwa nguvu unachomoka ndani na maji yote yanamwagika kwenye zulia. Kisha atoe filta ya kiyoyozi. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kasha la dashibodi: unatoa vitu, unafungua kikamba cha pembeni, unabana kuta mbili kwa ndani, kasha linashuka, mbele yako pana kifuniko chembamba chenye vishikizo. Filta ya gari ya abiria huku kwetu haifai kupitisha kilomita 10,000, na ya njia za vumbi ni chini ya hapo. Tumetoa filta zenye majani makavu na kiota cha panya. Mpya ina mshale wa njia ya upepo; ukiigeuza, haishiki vumbi sawasawa. Zulia linyanyuliwe likaushwe juani, si kufutwa juu juu. Mwisho, dereva azime ubaridi dakika 5 kabla ya kufika na aache feni peke yake, kipozeo kikauke. Kazi hiyo haizidi asubuhi moja.

Kwenye chai maharage, zile gari za abiria zenye ubavu wazi, kwa taarifa yako, hakuna aliyewahi kuuliza ayonaiza. Upepo wa baharini unatosha.

Tusieleweke vibaya kuhusu zile zilizojengwa na kiwanda ndani ya mfumo wa kiyoyozi, zenye kitufe chake kwenye dashibodi. Hizo ni jambo jengine, na hatutaki kuona mkaguzi anakata waya za gari ya mtu. Zizimwe tu kwa kitufe mgonjwa akiomba. Mashine za ozoni za kuondoa harufu ya sigara, zile zilizoandikwa miligramu 10,000 kwa saa, ni hatari zaidi, lakini hazikai na abiria: zinafanya kazi gari tupu, halafu milango yote iachwe wazi muda mrefu. Wako wanaokabidhi gari saa hiyo hiyo. Hao nao watupiwe jicho.

Tunaomba basi, kama tulivyoomba mwezi wa Machi na kama ulivyotuahidi mwenyewe, mbele ya watu, kwamba "haliwezi kupita masika". Masika yamepita. Tunaomba kuzitafuta na kuzitoa ayonaiza za kuchomeka kuwe sehemu ya ukaguzi. Tunaomba mrija na filta viangaliwe kama inavyoangaliwa tairi. Tunaomba madereva wafundishwe kwamba abiria akibanwa na kifua wasimame, wachomoe kidude, wafungue vioo vyote, wamkalishe wima wasimlaze, wamtafutie pampu yake ya buluu, ile ya dawa ya kufungua kifua: itikiswe, mpulizo mmoja mmoja kupitia chemba, lile kopo la kuvutia dawa, au chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, avute pumzi kama 5 baina ya mpulizo mmoja na mwengine, mpaka mipulizo 4 na zaidi, huku gari ikielekea hospitali. Tunaomba vidude hivi vizuiwe forodhani. Tunaomba wauzaji Darajani na Chake waambiwe.

Tunajua yote haya yatahitaji kikao, na kikao kitahitaji posho, na posho itangoja bajeti. Sawa. Yangoje. Moja halingoji: mkaguzi akikuta kidude cha taa ya buluu kwenye gari ya abiria, akichomoe kabla ya kubandika stika. Basi, hilo tu. Akichomoe.

Tundu liko chini ya redio, mkono wa kushoto wa dereva. Haihitaji bisibisi.

Wako kwa heshima,
Mafundi umeme wa magari na wenye pumu,
Unguja na Pemba