Ngitili Zetu Ziandikwe: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUPIMWA NA KUSAJILIWA KWA NGITILI ZA JAMII

Mwangaluka. Ninayekuandikia ni mwanakijiji wa mkoa wako, mkulima wa pamba, mtama na majaruba machache ya mpunga, mfugaji wa ng'ombe wa kuhesabika, na mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu. Ombi langu ni moja na nalitanguliza: agiza kila ngitili ya jamii, yaani eneo la malisho na miti linalotengwa na kufungwa kwa msimu, katika mkoa huu ipimwe, iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na sheria ndogo zinazoilinda zifikishwe kwenye baraza la madiwani zikapitishwe. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu zake.

Nianze na ngitili yenyewe, kwa kuwa viongozi wetu wengi hutoka mikoa ambako hakuna kitu cha namna hii. Mvua za kwanza zikinyesha, Novemba au Desemba, eneo linafungwa. Ng'ombe haingii, shoka haliingii. Nyasi zinakua, zinakomaa na kukauka zikiwa zimesimama. Inapofika Julai au Agosti, mbugani kumebaki vumbi na mabua ya mtama yameshaliwa yote, ngitili inafunguliwa kwa awamu. Kipande kimoja kikiliwa kikaisha ndipo kinafunguliwa cha pili. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wagonjwa na wazee, na maksai wa kulimia. Maksai aliyekonda Oktoba hawezi kuvuta plau Desemba, na kaya ambayo maksai wake wameanguka inabaki na jembe la mkono na kashamba kasikotosha hata chakula. Kwa hiyo anayedhani ngitili ni habari ya wafugaji peke yao anakosea. Mkulima naye anaitegemea. Zipo ngitili za kaya, za hekta chache, na zipo za jamii, zinazofika makumi hadi mamia ya hekta. Nazungumzia zaidi hizi za jamii, maana ngitili ya kaya ina mwenyewe wa kuipigania.

Mheshimiwa, nchi hii ilikuwa ya vichaka. Tangu miaka ya 1920 vilifyekwa kwa kampeni za serikali ya kikoloni ili kuondoa mbung'o. Baadaye pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, na wapikaji na wajenzi wakawa wengi kuliko miti. Hata hivyo wazee waliendelea kufunga ngitili zao. Pigo kubwa lilikuja miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini. Kaya ziliondoka kwenye matongo yao zikapangwa kwenye makazi mapya, na ngitili zikabaki nyuma bila mtu.

Naomba utulie kidogo hapa, kwa sababu ombi langu lote linatoka hapa. Ngitili zile hazikufa kwa sababu watu walizichoka. Zilikuwa zikiishi kwenye kumbukumbu za majirani waliojua kwamba mpaka unatoka kwenye mkwaju ule, unashuka hadi kwenye kichuguu, unarudi kwa njia ya ng'ombe. Majirani walipotawanywa, hapakuwa na karatasi, jiwe la mpaka wala muhuri. Aliyefika na shoka alikuta pori lisilo na mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulipoteza karibu zote. Katikati ya miaka ya 1980 mkoa mzima ulikadiriwa kubakiwa na hekta 600 hivi za ngitili. Mkoa mzima, na wakati huo ulikuwa mkubwa, na Maswa, Bariadi na Meatu zikiwa ndani yake. Shinyanga ikaitwa Jangwa la Tanzania. Mama zetu walipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na miti ya pamba, maana yake mbolea iliyotakiwa shambani iliishia jikoni.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway, na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF nao wakashiriki. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu na miche. Miche mingi ilikuwa ya miti ya kigeni, na wengi wetu hatukuipenda sana: inataka kumwagiliwa mahali ambapo hata ng'ombe hawana maji, na mchwa wanaingoja. Mambo yalibadilika wataalamu walipokaa na wazee na kuwauliza ninyi mlikuwa mnafanyaje. Jibu likawa ngitili.

Asiyewahi kuona eneo lililofungwa likirudi hawezi kuamini. Ardhi inaonekana imekufa, ngumu na nyeupe, lakini chini yake visiki vya migunga viko hai na mizizi yake iko mbali. Ukizuia mbuzi na shoka kwa msimu mmoja tu, kila kisiki kinatoa vichipukizi vingi. Unachagua viwili au vitatu vilivyonyooka, unapogoa vingine, na kwa kuwa mzizi ni wa zamani, mti unakimbia kwa kasi ambayo mche wa kitaluni hauiwezi. Katikati yake nyasi zinashika. Mvua inayofuata maji hayakimbii tena. Yanapungua mwendo, yanaacha udongo, mengine yanazama. Hakuna aliyenunua mbegu wala aliyebeba ndoo kumwagilia.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Tathmini iliyofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ikatolewa mwaka 2005, ilikadiria kwamba ngitili zinampa mtu mmoja faida ya dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Faida hiyo ni kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, uyoga, dawa, mboga za porini na malisho. Wengi wanaotaja Shinyanga kama mfano wa kuigwa huishia kwenye takwimu hizo. HASHI ilifungwa mwaka 2004. Sisi tumebaki na kazi ya kuzilinda ngitili, na kazi hiyo haina mradi, gari wala posho.

Kiangazi kilichopita kamati yetu ilikuta tanuri la mkaa katikati ya ngitili ya kijiji. Lilikuwa limefukiwa vizuri kwa udongo na majani mabichi, moshi unatoka kwenye tundu moja. Pembeni yake kulikuwa na visiki vya migunga minene kama mapaja ya mtu mzima, na kila kimoja kilikuwa kimekatwa chini kabisa, kikachimbwa hadi mizizi. Hilo ndilo lililotuumiza kuliko kupotea kwa magogo. Mgunga uliokatwa kwa juu utachipua. Uliong'olewa mzizi haurudi. Tulipomhoji mhusika alituuliza swali moja: hii ngitili imeandikwa wapi? Tulikuwa na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Rasimu ya sheria ndogo ilikuwa imekwama njiani, haijapita ngazi zote, na rasimu haimpeleki mtu mahakamani.

Zamani jambo hili lingemalizwa na dagashida, baraza letu la kimila. Wazee wangekaa, mkosaji angetozwa faini ya kimila, mchenya, na sungusungu, walinzi wa jadi, wangehakikisha imelipwa. Utaratibu huo bado una heshima kwetu na sitaki ufe. Lakini una nguvu kwa anayeogopa kutengwa na majirani zake. Mwenye lori la mkaa aliyetoka mjini usiku hana jirani hapa. Kwake yeye kinachosimama ni karatasi yenye muhuri.

Na hasara haikai ndani ya ngitili. Juu kwenye luseni, ardhi ya mwinuko, ni mchanga mwepesi. Pakibaki wazi, mvua moja kubwa inachora mifereji, na ya pili inaifanya makorongo. Mchanga unashuka hadi kwenye itogolo, ardhi ya chini yalipo majaruba ya mpunga, na mwingine unaingia lambo. Lambo letu lilichimbwa likiwa na kina cha kumfunika mtu. Sasa Septemba mtoto analivuka kwa miguu, tope linamfika magotini, na ng'ombe wanaingia hadi katikati kutafuta maji yaliyobaki, wakilichafua zaidi. Tunaomba kila mwaka lifukuliwe, na ni haki yetu kuomba. Ila kufukua lambo huku mteremko wa juu uko uchi ni kutupa fedha za umma, maana misimu michache tu litajaa tena.

Utaambiwa kwamba maji ya Ziwa Victoria yameshafika. Ni kweli, na tunashukuru kwa dhati. Bomba kutoka Ihelele limebadilisha maisha ya Kahama na Shinyanga mjini, na vijiji vilivyo karibu na njia yake vimepona. Lakini hakuna anayenywesha kundi la ng'ombe kwa maji ya bomba yenye mita, wala anayemwagilia mpunga kwayo. Kwa mifugo na mashamba bado tunategemea mvua, na mvua yetu ni ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, ikija kwa vishindo vichache. Inayopita juu ya ardhi tupu imekwenda.

Sheria zipo, Mheshimiwa, sikuombi utunge mpya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji na inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaeleza mpango unavyoandaliwa. Kinachokosekana ni mpimaji kufika, na makabrasha kusogea kutoka meza moja hadi nyingine. Kijiji chenyewe hakina uwezo wa kulipia upimaji. Tukichangishana, tunachangishana kwa debe la mtama.

Niseme pia lisilosemwa sana na wenzangu. Si kila mtu kijijini anaipenda ngitili. Kijana aliyeoa juzi na hana pa kulima anaitazama ngitili ya jamii anaona shamba lililofichwa. Mwenye ng'ombe mia anafaidi malisho kuliko mjane mwenye mbuzi watatu. Na dagashida ni kikao cha wanaume, wakati wanaojua kuni zimebaki kiasi gani ni wanawake. Malalamiko haya ni ya haki, na ngitili isiyoyajibu italiwa kutoka ndani kabla mwenye lori hajafika. Kwa hiyo sheria ndogo zikipitishwa zieleze wazi mgawo: siku za kuokota kuni kavu, nyasi za kuezekea kwa kaya zisizo na mifugo, mizinga ya vikundi vya vijana, idadi ya ng'ombe kwa kila kaya ngitili inapofunguliwa, na nafasi za wanawake na vijana kwenye kamati. Sisi tumeshaliandika hilo kwenye rasimu yetu baada ya mabishano makali ya mkutano mkuu, na naamini liliwaleta wengi upande wetu.

Katika agizo lako naomba uweke na haya. Kijiji kinapogawanywa kuwa viwili, ngitili itajwe kwenye hati za mgawanyo, ijulikane ni ya nani na inasimamiwa vipi, kabla uongozi mpya haujakabidhiwa. Tumeona mgawanyo ukifanyika huku kila upande ukidhani mwenzake ndiye mlinzi, kumbe hakuna. Vilevile kibali chochote cha kuvuna miti au kuchoma mkaa kwenye ardhi ya kijiji kiambatane na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji husika. Na faini za uharibifu zibaki kijijini, zilipie walinzi na ufukuaji wa malambo.

Ombi hili lina msimu wake. Ngitili zinafungwa mvua zikianza. Mpimaji akija kati ya Agosti na Oktoba, nyasi ziko chini, alama zinaonekana, njia zinapitika, na watu hawajaingia shambani. Akija Januari mbuga haipitiki, na tutakuwa tumepoteza mwaka mwingine. Wazee wanaoujua mpaka wa ngitili yetu kama ulivyokuwa kabla ya kuhamia vijijini bado wapo wachache, na wamekubali kutembea nao wapimaji. Mmoja wao hawezi tena kutembea mbali. Tumeshampangia mkokoteni wa maksai. Tunachosubiri kutoka ofisini kwako ni tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanakijiji na mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji,
Mkoa wa Shinyanga