Rehema, simu imenifumania

Rehema shoga yangu,

Kabla hujanitukana kwa kimya cha miezi miwili: ni mgongo. Basi, sina kisingizio kingine. Watoto wazima, na Mama Salma bado anadai bakuli lake.

Ndiye aliyeniambia umeanza kliniki ya maumivu, wakakutaka upakue programu ya lishe, ukatoka unasonya. Hata mimi nilisonya. Maumivu yakipita miezi 3 wao wanayaita sugu. Yangu yana miaka mitatu, yangekuwa mtoto yangeshaanza shule ya awali. Halafu nikae naiambia simu nimekula nini?

Lakini nilikubali. Unapiga picha kila mlo, unaandika maumivu yako kwa 0 hadi 10 na usiku umelalaje, kisha kila baada ya wiki mbili mtaalamu wa lishe anakupigia kwa video. Wiki ya kwanza ile programu iliona taulo ninalokandia mgongo ikasema ni mkate, ikaniandikia na kalori zake. Nilicheka mpaka mgongo ukanishika.

Sasa sikia. Simu ya pili, yule dada akaniuliza taratibu, "Mbona siku ukiandika 7 au 8 hakuna picha hata moja mpaka usiku?" Nikasema nimesahau kupiga. Akanyamaza. Rehema, kile kimya! Maana ukweli naujua: siku mgongo ukiwaka siwezi kusimama jikoni, nameza ibuprofeni tumbo tupu, najilaza, usiku naegemea sinki nakula biskuti kwenye pakiti gizani kama mwizi. Usingizi hauji, kesho yake nimekuwa gogo. Miaka mitatu najiambia nakula vizuri, kumbe nakula vizuri siku nzuri tu.

Hakunigombeza wala hakunitajia chakula cha miujiza. Alisema siku mbaya haitaki mapishi, inataka kitu kilicho tayari. Kwa hiyo mgongo ukiwa mpole napika maharage mengi, tena nimekaa kwenye stuli, nagandisha kwenye vibakuli. Mayai ya kuchemsha na matunda yanakaa pale mkono unapofika. Dawa nameza baada ya kula. Na lile jambo la choo, shoga, ni kodeini, ile dawa yangu ya maumivu! Inafunga choo, ndiyo maana ananisukumia maji na mboga. Mimi nilidhani ni uzee.

Maumivu yapo, nisikudanganye. Na yeye mwenyewe alisema lishe peke yake haitoi kitu, inashikana na mazoezi na usingizi. Ila siku mbaya ikipita, sasa naamka mtu.

Kwa magoti yako atakutajia uzito, jiandae. Kilo moja ukipunguza, goti linatuliwa kama kilo nne kila hatua. Ukitaka kutukana, mtukane yeye.

Ila kuna kitu sikukipenda. Ukizidisha kalori programu inawaka nyekundu, nami nikaanza kuruka chakula ili nione kijani. Mtu mzima! Nilipomwambia, akaizima sehemu hiyo. Wewe waambie wakuzimie siku ya kwanza, maana mwaka ule ulipo... unajua ninachosema. Waulize pia nani mwingine anaziona picha zako. Na vile vidonge vya binzari vya shemeji yako usiviguse kabla hujamuuliza daktari, wewe unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Narudi palepale: kama ni simu tupu inayohesabu, ningeshaifuta. Kilichonifaa ni kwamba kuna mtu anayeisoma.

Je, kliniki yako inakupa mtu, au wamekuachia programu upambane nayo? Goti bado linakuamsha usiku? Siku likivimba unakula saa ngapi, na nani anakupikia? Usinijibu "nakula vizuri", jibu hilo nalijua. Kesho nitumie picha ya sahani yako, hata kama ni biskuti, nami nitakutumia yangu.

Na lile bakuli, liko kwako au kwangu?

Wako,
Zuhura