Barua ya wazi kwa mheshimiwa msimamizi wa bei za umeme: nasi wa majumbani tupewe bei ya usiku

KUH: BEI YA UMEME WA USIKU KWA WATEJA WA MAJUMBANI

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima inayostahiki cheo chako. Barua mbili nilizokuandikia kabla ya hii nilizipeleka ofisini kwa mkono wangu na zikapigwa muhuri wa kupokelewa, lakini hadi leo sijapata jibu hata la mstari mmoja. Ningeendelea kusubiri, lau si jambo lililonifika Ijumaa iliyopita. Nilinunua tokeni za umeme za shilingi 1,000 kama ilivyo desturi yangu, nikapata uniti 33 na nukta kidogo, ilhali mwezi uliotangulia pesa hizo hizo zilinipa uniti 39. Nilidhani macho yamenidanganya, nikampa mwanangu simu ausome ujumbe kwa sauti. Akasoma 33.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba uniti hizo sita zilipotea mwishoni mwa wiki sita ambazo nimejinyima usingizi ili nitumie umeme kwa namna ile ile tuliyoelekezwa. Katika baraza lililofanywa mtaani kwetu hapa Kisauni, Mombasa, afisa aliyekuja kwa niaba yako alitueleza kwamba baada ya saa nne usiku umeme huwa mwingi na huwa nafuu, na kwamba atakayezisogeza kazi zake hadi saa hizo atajifaa mwenyewe na kuifaa nchi. Mzee mmoja alisimama akauliza ikiwa nafuu hiyo inatuhusu sisi wenye mita za tokeni. Akajibiwa kuwa mambo yako njiani na tuanze kujizoesha. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya pili, na maneno hayo niliyaandika.

Nikaanza kujizoesha, Mheshimiwa. Riziki yangu ni barafu za ukwaju na za maembe ninazowauzia watoto wa madrasa na wapita njia, na friza ndiyo inayokula umeme kuliko kitu kingine chochote nyumbani mwangu. Kila ilipoadhiniwa magharibi niliichomoa, nikautundika waya wake kwenye msumari juu ukutani ili mtoto asiuchomeke kwa kusahau, na sikukubali mtu afungue kifuniko hadi saa nne usiku nilipoirudisha. Barafu zilizokuwa zimeshika vizuri zilistahimili saa hizo, isipokuwa vikombe vya juu kabisa, ambavyo kwa joto hili la kaskazi vililainika na ikanibidi nivigandishe upya. Maji ya kupandisha kwenye tangi niliyapampu saa kumi alfajiri, hadi mpangaji wa chini akanilalamikia kelele. Sare za shule nilizipiga pasi saa kumi na moja kabla ya watoto kuamka. Kila saa nne usiku na kila saa kumi na mbili asubuhi nilisoma mita na kuandika nambari kwenye daftari, na daftari hilo linaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya umeme wangu ulitumika kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Nilipokwenda dirishani kwenye ofisi ya kampuni ya umeme kuuliza kwa nini uniti zimepungua, kijana aliyenihudumia, na ninamshukuru kwa adabu yake, alinieleza mambo mawili ambayo hayakusemwa barazani. La kwanza ni kwamba wastani wa matumizi yangu ya miezi mitatu umevuka uniti 100, bila shaka kwa sababu ya joto na feni, kwa hiyo nimepandishwa kwenye bei ya juu ya wateja wa majumbani. La pili ni kwamba bei nafuu ya usiku ipo kweli, lakini si ya mtu kama mimi. Ilianza Desemba 2017 kwa viwanda na biashara kubwa, ambao hukatiwa nusu ya bei ya uniti kwa matumizi ya usiku yanayozidi kiwango walichowekewa. Wenye magari na pikipiki za umeme nao walitengewa bei yao Aprili 2023, shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku. Kwangu mimi, uniti ya saa mbili usiku, wakati nchi nzima imewasha taa na televisheni, na uniti ya saa tisa usiku, wakati nchi imelala, zina bei moja.

Mheshimiwa, sikionei kijicho kiwanda kwa kupewa nafuu, kwa maana huko ndiko vijana wetu wanakoajiriwa. Ninachouliza ni kwa nini sababu iliyotosha kwa kiwanda isitoshe kwa friza yangu. Sababu yenyewe mnaijua kuliko mimi. Mahitaji ya umeme Kenya hupanda jioni na kushuka sana usiku wa manane, lakini mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaoendesha mitambo ya umeme, hautulii kwa kuwa watu wamelala, na upepo wa kule karibu na Ziwa Turkana huvuma vizuri saa hizo hizo za usiku. Mvuke huachiliwa hewani, mitambo ya upepo hupunguzwa kasi, na wazalishaji hulipwa vile vile kwa mikataba yao. Wakati huo huo, mwishoni mwa 2024 tuliambiwa waziwazi kwamba sehemu za magharibi ya nchi hupunguziwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kwa sababu hautoshi. Friza yangu ilikuwa imezimwa saa hizo hizo. Nilikuwa nikiwaachia wenzangu umeme, na nikapandishiwa bei.

Nimepiga hesabu kwa kalamu. Nikitumia uniti 60 usiku kwa mwezi, na bei ya uniti ambayo kabla ya tozo na kodi inakaribia shilingi 20 ikikatwa nusu, ninaokoa kama shilingi 600. Huenda ofisini kwako pesa hizo ni ndogo. Kwangu ni sukari na ukwaju wa wiki nzima.

Nadhani kikwazo ni mita, kwamba hizi tulizo nazo hazitofautishi saa. Ikiwa ndivyo, basi tuambiwe ndivyo, na tuambiwe ni lini zitakuja zinazotofautisha. Msituhofie kwamba hatutaelewa. Mwaka 2024 mita zote za tokeni zilipohitaji kusasishwa, tuliletewa nambari ndefu za tarakimu 20, tukaziingiza moja baada ya nyingine, majirani wakasaidiana, wazee wakasomewa na wajukuu, na kazi ikakamilika. Watu waliofanya hivyo wanaweza kuelewa kuwa saa nne usiku bei inashuka.

Siombi bei hii ilazimishwe kwa kila nyumba. Yuko jirani yangu ambaye mama yake anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine hiyo haiwezi kungoja saa nne. Wako wenye balbu tatu na redio, wasiofikisha uniti 30 kwa mwezi, ambao hawana kitu cha kukisogeza usiku. Hao waachwe na bei zao zilivyo, wala mtu asipandishiwe bei ya jioni ili mwingine apunguziwe ya usiku. Anayetaka aombe mwenyewe, awekewe mita, na uniti zake za usiku zisihesabiwe katika ule wastani wa miezi mitatu unaomsukuma kwenye bei ya juu. Hili la mwisho nakuomba ulitazame kwa makini, maana bila ya hilo mtu atapewa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa wa kushoto.

Bei zilizoanza Aprili 2023 zilipangiwa kipindi, na kila kipindi kipya huanza kwa wananchi kuitwa watoe maoni. Maoni yangu ndiyo haya. Mtupe bei ya usiku, hata ikiwa ni kwa majaribio, hata ikiwa ni kwa mtaa mmoja, na mtaa huo ukiwa Kisauni mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha. Daftari langu la wiki sita niko tayari kulileta siku yoyote utakayoniita.

Hadi nitakapopata jibu lako kwa maandishi, friza nimeirudishia umeme mchana kutwa, jioni na usiku.

Wako mwaminifu,

Mteja wa majumbani,
Kisauni, Mombasa